Nani Alipiga Klarineti Yangu?

Kama mkono wako umelala na kila anayekuja kukuona anakuambia umshukuru Mungu kwa sababu hukufa, haya nimekuandikia wewe. Mimi nilishukuru mpaka nikachoka. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kushukuru na kukasirika siku hiyo hiyo, kwa hiyo nilidhani hasira yangu ni dhambi. Nikaificha chini ya blanketi la hospitali pamoja na mkono wenyewe. Usifanye hivyo. Hasira ndiyo iliyonirudishia vidole, na nitaeleza ilivyokuwa.

Naitwa Moraa. Nimeolewa karibu na Nyamache na kazi yangu ni kupika katika shule ya msingi. Masomo yangu yaliishia darasa la nane. Mambo ya ubongo na damu waulize madaktari.

Tangu nikiwa msichana napiga klarineti katika bendi ya parokia. Harusi tunapiga, sikukuu tunapiga, lakini kazi yetu kubwa ni mazishi. Mwalimu wetu wa bendi, mzee ambaye ujana wake aliupitisha kwenye bendi ya askari, alitufundisha kuinua vidole juu sana kila tunapobadilisha noti. "Watu wa matanga wanasikia kwa macho," alikuwa akisema. "Kidole kisichoinuka kimelala, na aliyelala hapewi nyama." Basi tuliinua vidole kama askari wanavyoinua miguu. Mtu aliyesimama mbali kabisa, kule kwenye migomba, aliona kwamba tunafanya kazi.

Mama yangu aliishi upande wa Nyamira, kwenye chai. Kila tulipopiga karibu na kwake alikuja, akakaa mbele, akatazama vidole vyangu badala ya kumtazama maiti. Siku moja tukirudi nyumbani aliniambia, "Mimi siku yangu msiniwekee spika. Unipigie wewe. Ule wimbo wa jioni."

"Na nikiwa nalia, Mama?"

"Utalia ukimaliza. Pumzi ni moja."

Tukacheka. Lakini nilimwahidi, na yeye alijua nimeahidi.

Mvua za masika zilikuwa ndiyo zimeanza. Nilikuwa nasonga ugali wa wanafunzi, mwiko ukanidondoka. Nikadhani umeteleza kwa mvuke. Nikainama kuuokota, mkono wa kulia ukabaki unaning'inia tu, hauna habari na mwiko. Bosibori, mpishi mwenzangu, akanisikia nikisema kitu, akacheka.

"Moraa, wewe! Saa hizi? Umepitia wapi asubuhi, mbona unaongea kama mlevi?"

Nikajaribu kumjibu. Akaacha kucheka.

Ya wodini, mjini Kisii, sitaeleza yote. Mdomo wangu ulikuwa umeenda upande. Kwamboka, binti yangu, alininywesha uji kwa kijiko na nusu yake ikamwagika kifuani. Mtu mzima kufutwa kifua na mtoto wake mbele ya wageni ni jambo ambalo bado linanichoma. Mama mmoja wa kitanda cha jirani, mwenye mguu uliofungwa plasta, alinivuta nikae karibu naye akanisuka nywele. Hakuniuliza kitu. Huyo ninamkumbuka vizuri kuliko wote walioniombea kwa sauti kubwa.

Kaka yangu mkubwa, Nyakundi, alikuja mara moja tu. Hakukaa. Alisimama miguuni pangu akiwa ameshika kofia, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu mpaka kwenye kamba.

Wakati huo sauti ilikuwa imeanza kurudi. Nikamuuliza, "Mama hajambo?"

"Mama anakusalimia," akasema. "Amesema usihangaike. Upone kwanza."

Nililala vizuri usiku huo. Hilo nalo siwezi kulisahau, kwamba nililala vizuri.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, kitu cha kwanza nilichotaka baada ya kuoga kilikuwa klarineti. Sikuwa na matumaini ya kupiga. Nilitaka kuishika tu. Kwamboka akasema labda kesho, akasema nipumzike, akasema hajui begi liko wapi. Begi lilikuwa juu ya kabati, mahali pake pa siku zote. Nililishusha kwa mkono wa kushoto.

Mtu anayepiga ala yake mwenyewe anajua alivyoifunga. Mimi hukausha vipande vyote, huvilaza kwa mpangilio wangu, na kitambaa hukikunja juu yake. Safari hii vipande vilikuwa vimepangwa ovyo. Kitambaa kilikuwa kimesokotwa kwenye kona. Ile ridi, kijipande cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni na kutoa sauti, haikuwa yangu. Ilikuwa mpya na ilikuwa imeachwa humo bila kukaushwa. Mdomo wa klarineti ulinuka peremende. Na chini ya begi kulikuwa na udongo mwekundu uliokauka.

"Nani alipiga klarineti yangu?" nikauliza.

Kwamboka akatoka nje. Nikamsikia analia karibu na tangi la maji. Mume wangu akaingia, akakaa kitandani, na kabla hajafungua mdomo nilishajua. Klarineti yangu haishushwi bure, na kazi yake kubwa ni mazishi. Kulikuwa na mtu aliyezikwa, na kama hakuwa wangu wangeniambia.

"Mama yako," akasema.

"Lini?"

"Ulipokuwa wodini. Wiki ya pili."

"Na mmezika."

"Tumezika. Daktari alisema usishtuliwe. Presha."

"Daktari alikuambia hivyo?"

Mume wangu hajui kudanganya, ndiyo maana alikuwa ameacha kunitazama. "Nyakundi alisema daktari alisema."

Walikuwa wamekaa kikao, kaka zangu na wajomba, wakakubaliana. Mimi nimeolewa, walisema, na tena ni mgonjwa. Ikifika habari hii wodini tutazika wawili. Kisha Nyakundi akakumbuka kwamba Mama alitaka klarineti. Akaja kwangu, akaichukua juu ya kabati, akampa mtu mmoja wa bendi ya upande wa Suneka. Aliona ametimiza. Klarineti ilipigwa, ni ile ile, wimbo ni ule ule. Kaka yangu mpaka leo anaamini lilikuwa wazo zuri.

Nikamwita Kwamboka ndani. "Huyo mtu alipiga vizuri?"

Akafuta macho. "Alipiga vizuri, Mama."

Nitasema ukweli kwa sababu sina faida ya kuficha. Ningefurahi kama angeharibu.

Baada ya hapo zikaanza Alhamisi. Kila Alhamisi mume wangu alinipeleka Kisii kwa daktari wa mazoezi. Tulifika mapema, tukakaa kwenye benchi refu la mbao ambalo kila anayeitwa akisimama wote mnasogea makalio kidogo. Kulikuwa na mama mmoja aliyejua nani amefika kabla ya nani, na hakuna karani aliyethubutu kubishana naye. Kulikuwa na mzee wa Masimba aliyepooza upande kama mimi, ambaye kila wiki alimwambia mkewe, "Leo ndiyo mwisho, sirudi tena hapa," na kila wiki nilimkuta ametangulia. Tulikaa tukitazamana mikono. Hakuna aliyeuliza mwenzake ugonjwa, ulionekana.

Daktari wa mazoezi alikuwa binti mdogo mwenye sauti kavu. Alinipa maharagwe niyatoe bakuli moja nitie lingine. Alinipa vibanio vya nguo nivifungue. Akaniuliza, "Mama, unataka mkono huu urudi ufanye kazi gani?"

"Klarineti."

Akacheka, kisha akaona sicheki. "Ilete basi niione."

Wiki iliyofuata niliileta. Akaizungusha, akaweka vidole vyake kwenye matundu, akanirudishia. "Hii itakuwa ngumu kuliko maharagwe," akasema. Nilimpenda tangu siku hiyo. Wengine wote walikuwa wananiambia kila kitu kinawezekana.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Baba Kwamboka alinifunga kitambaa cha kichwa kila asubuhi, na kila asubuhi kilianguka kabla ya saa nne. Alijifunza kupika. Tulikula ugali wenye madonge, na nikisema neno alijibu, "Basi pika wewe," kisha anatoka nje kwa aibu. Binti yangu aliacha kunitazama machoni. Nilikuwa na hasira na watu ambao walikuwa wananivisha viatu. Jaribu wewe kumkasirikia mtu aliyeinama anakufunga kamba za viatu. Huna pa kuipeleka.

Hata kaburini sikwenda. Nyakundi alipiga simu mara kadhaa, akasema gari lipo, nije niweke ua. Nikamwambia nitakuja nikiwa na kitu cha kufanya huko.

Sasa nieleze shida ya vidole, kwa sababu labda yako inafanana. Klarineti ina mpaka katikati. Chini kuna sauti nzito, juu kuna sauti nyembamba. Ukipanda kutoka chini, unafungua tundu moja baada ya jingine, mpaka unafika mahali karibu vidole vyote viko hewani. Noti inayofuata, ya kwanza ya upande wa juu, inataka vyote vishuke na kuziba kwa pamoja. Kimoja kikichelewa kidogo tu, inatoka kelele kama ya bata aliyekanyagwa. Na ule wimbo wa jioni wa Mama unavuka mpaka huo kwenye mstari wa pili. Hakuna njia ya kuzunguka.

Mdomo ulikuwa umerudi. Pumzi ilikuwapo. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Lakini vidole vitatu vya kulia vilifika kila kimoja kwa wakati wake, kama watoto wanaoitwa kuoga. Nikafanya nilivyofundishwa: viinue juu, juu zaidi, ndipo vishuke kwa nguvu. Julai nzima, kwenye ile baridi yetu yenye ukungu, nilikaa jikoni karibu na moto nikijaribu kuviinua. Nilivisukuma juu kwa mkono wa kushoto. Nililia kwa sababu havikuinuka. Na kila vilipoinuka kidogo, vilianguka kando ya tundu.

Jirani yetu akaniita kutoka ng'ambo ya ua. "Mama Kwamboka! Huyo bata mnamchinja lini? Tumechoka kumsubiri!"

Mume wangu akacheka. Mara ya kwanza kucheka tangu masika, nadhani, na ikamtoka kabla hajaizuia. Nilimrushia kibanio cha nguo. Nilimkosa, kwa sababu nilirusha kwa mkono wa kulia.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, wakati wa kuvuna mahindi, na nyumba ilikuwa tupu kwa sababu wote walikuwa shambani. Nilijaribu mstari wa pili na bata akalia. Nikajaribu tena. Nikaangalia vile vidole vitatu na nikavichukia. Sisemi kwa mfano. Nilivichukia kama unavyomchukia mtu aliyekunyima kitu makusudi. Nikachana leso ya zamani, nikachukua ule ukanda, nikavifunga vidole vitatu juu ya matundu yake, nikakaza fundo kwa meno. Nikaviambia kwa Ekegusii, lugha yetu, neno ambalo sitaliandika hapa. Hamtaki kuinuka? Basi msiinuke tena. Nilitaka vikae pale viumie.

Kisha, kwa hasira ile ile, nikapuliza.

Nikapanda kwa mkono wa kushoto peke yake mpaka kwenye mpaka. Nikavuka. Ikatoka. Noti safi, nyembamba, iliyonyooka.

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikarudia, ikatoka tena. Vidole vya kulia havikuwa na safari yoyote ya kwenda, vilikuwa vimeshafika. Noti ile ya chini ya mpaka haijali kama matundu ya kulia yamezibwa au yako wazi, sauti inabaki karibu ile ile. Vingeweza kukaa hapo muda wote. Miaka yote niliyopiga, nilikuwa naviinua mpaka mawinguni na kuvirudisha, ili watu wa matanga waone. Na miezi yote ya ugonjwa nilikuwa nalilia kitu ambacho wimbo haukukihitaji.

Unafikiri nilifurahi? Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Julai nzima!

Nilivyofanya baada ya hapo nakuambia wewe unayehitaji. Kila wiki nililegeza ule ukanda kidogo, mpaka ukawa umezunguka tu bila kubana. Nilichukua noti mbili, ile ya chini ya mpaka na ile ya juu yake, hizo tu, bila wimbo. Kwanza bila kupuliza, navitazama vidole vinavyotua. Kisha kwa kupuliza, polepole kiasi kwamba mtu akisikia angedhani nimesinzia. Nikikosea sikuongeza mwendo wala nguvu, nilipunguza. Na kidole hakikuruhusiwa kuinuka zaidi ya unene wa punje ya hindi. Daktari wa mazoezi nilipomwonyesha ule ukanda alisema nisikaze tena namna ile, ningeweza kuumia, kisha akaniambia nipige, akafunga mlango ili watu wa benchi wasilalamike. Kutoka nje nikamsikia mzee wa Masimba akimwambia mkewe, "Huko ndani leo wanatibu nini?"

Desemba, ndugu wa Nairobi waliporudi, ikapangwa misa ya kumbukumbu na kuweka msalaba. Nikampigia Nyakundi simu nikamwambia nitapiga.

"Moraa, tumeshaita mtu wa spika na kinanda. Usijichoshe."

"Nani amekuambia nimechoka?"

"Watu watakuhurumia, dada yangu. Sitaki uaibike."

"Wacha wanihurumie. Wewe kwenye mazishi walikupongeza."

Akakata simu. Siku ile nilikwenda na begi langu mgongoni.

Kaburi la Mama liko kushoto kwa nyumba, karibu na migomba, na chai inaanza hapo hapo nyuma. Udongo ulikuwa umeshashikamana na majani yamekwisha kuota. Nilikuwa naona kaburi lake kwa mara ya kwanza likiwa tayari na majani. Padri alipomaliza nikasimama. Mtu wa spika akamtazama Nyakundi, Nyakundi akatazama chini.

Nikaanza. Mstari wa kwanza ni wa chini na hauna shida. Vidole vilikuwa vimekaa chini, karibu havisogei. Nyuma yangu wanawake wawili wa kijijini wakaanza.

"Mbona vidole haviendi?"

"Si yeye. Ni spika inapiga. Yeye amewekwa ashike tu, maskini."

"Eh! Hata hivyo amefanya vizuri kuja."

Niliyasikia yote. Nikafika mstari wa pili, nikafika kwenye mpaka, na hasira ikaniinulia kidole kimoja juu kama zamani. Bata akalia, mbele ya padri, juu ya kaburi la mama yangu.

Watoto wakacheka. Na yule mwanamke wa nyuma akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Wee! Spika haiwezi kulia hivyo. Ni yeye kweli!"

Nikatoa klarineti mdomoni. Nikavuta pumzi. Nikavirudisha vidole chini, nikaurudia mstari kutoka mwanzo wake, na safari hii ukavuka. Ukavuka tena kwenye kurudia. Sikulia. Pumzi ilikuwa moja.

Baada ya chakula, watu walipoanza kutawanyika, Nyakundi alinifuata pale kaburini. Akaanza kuniambia kwamba walifanya kwa nia njema. Nikamwambia nia yake sihitaji. "Nihadithie mazishi," nikasema. "Yote. Aliyemwosha, nguo gani, nani alisema nini. Ni ya kwangu na mlinichukulia."

Akakaa kwenye majani. Akanieleza. Gauni la kijani, lile la sikukuu. Shangazi ndiye aliyemwosha. Mvua ilinyesha wakiteremsha jeneza, na udongo ukashika viatu. Nikamuuliza kuhusu siku ya mwisho. Akaanza kuchuma majani, moja baada ya jingine.

"Aliuliza kama umefika," akasema. "Alisema, Moraa amekuja na ile kitu yake? Tukamwambia uko njiani."

"Kwa hiyo hata yeye mlimdanganya."

Kaka yangu ni mtu mzima mwenye wajukuu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikumshika bega. Nilifungua begi, nikaiunga klarineti, nikakaa upande wa kichwa cha kaburi. Nikapiga ule mstari wa pili peke yake, polepole, vidole vikiwa chini. Hakukuwa na watu wa kuona kama vinaenda. Ulivuka.

Nyakundi akafuta uso kwa kofia yake. "Sasa yameisha, Moraa?"

Nilikausha vipande vyote. Nikavilaza kwa mpangilio wangu, nikakunja kitambaa juu, nikafunga.

"Bado," nikamwambia. "Shika begi."

Akalishika, akalibeba mpaka barabarani.